Akina Mama Wakifungua Biblia Wenyewe



Katika toleo hili tumeombwa tueleze habari za masomo ya Biblia ya akina mama: yanaanzaje, yanaendeshwaje, na yanamsaidia nini mama ambaye tayari ana kazi nyingi kuliko masaa ya siku. Wengine wametuuliza wazi wazi, "Jumapili tunahubiriwa vizuri. Sasa Jumatano tena tukae tukisoma nini?" Swali hilo si baya. Tutalijibu kwa yale tuliyoyaona wenyewe hapa Kitengela na upande wa Kajiado, na hatutaficha makosa yetu.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Mama anayelishwa aya na watu wengine hupata zile aya ambazo hao wengine wanataka azipate. Mama anayeifungua Biblia mwenyewe, pamoja na wenzake, hukutana na mambo ambayo hakuna mtu aliyepanga kumwambia. Hapo ndipo imani inaacha kuwa ya kuazima na inakuwa yake.

HALI YA HUKU KWETU

Wazee bado wanaiita Kitengela kwa jina la zamani, Noonkopir. Palikuwa malisho ya ng'ombe na njia ya wanyama wa porini wanaotoka mbuga ya Nairobi. Mwaka 1988 shamba la pamoja la Kitengela liligawanywa, kila mwenye haki akapewa kipande chake. Baada ya sheria ya mwaka 1990, viwanda vya EPZ vikajengwa pale Athi River, na watu wakaja kutafuta kazi kutoka kila pembe ya Kenya. Vipande vya ardhi vikauzwa, ploti za kukodisha zikasimama, na leo katika ua mmoja utamkuta Mkamba, Mluhya, Mkisii, Mjaluo, Mkikuyu na Mmasai, wote wakianika nguo kwenye kamba moja.

Ukipanda matatu kuelekea Namanga, ukapita Isinya hadi Kajiado mjini na kuendelea Bisil, mambo yanabadilika. Boma ziko mbali mbali. Maji yako mbali. Akina mama wengi wa umri mkubwa hawakupelekwa shule.

Kwa hiyo tuna shida mbili tofauti. Mama wa Kitengela ana Biblia juu ya kabati, lakini anaingia kazini saa moja asubuhi na kurudi giza limeingia, au yuko zamu ya usiku. Mama wa boma ana utulivu wa jioni, lakini hakufundishwa kusoma. Somo la Biblia lisilojali shida hizi mbili litakufa, hata likianzishwa kwa maombi na kufunga.

SI JAMBO GENI

Kuna watu wanaodhani kikundi cha akina mama wanaosoma Neno ni mtindo wa juzi. Sivyo. Soma Matendo 16. Kanisa la Filipi lilianza na akina mama waliokusanyika kando ya mto siku ya sabato kuomba. Mmoja wao, Lidia, alikuwa mfanyabiashara wa nguo za zambarau. Mlango unaofuata, Matendo 17, unawasifu watu wa Beroya kwa sababu walimsikiliza Paulo na bado wakarudi kwenye Maandiko kila siku kuhakikisha kama maneno yake ni kweli. Aya ya 12 inasema waziwazi kwamba wanawake walikuwa kati yao. Kama mtume Paulo alichunguzwa, na haikuhesabiwa kuwa utovu wa heshima, mhubiri wa leo ataogopa nini?

Hapa kwetu Afrika Mashariki pia kuna urithi. Mothers' Union ilianzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876, na sasa iko katika parokia nyingi za Kianglikana za Kenya. Woman's Guild ya PCEA ilianza mwaka 1922. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kufika Kenya, ulimsimamisha mwanamke mbele ya watu akatoa ushuhuda wake, jambo ambalo kijijini halikuwa la kawaida. Wakatoliki nao, tangu miaka ya 1970, wamekuwa na jumuiya ndogo ndogo ambako majirani husoma Injili nyumbani kwa mmoja wao.

Na kwa Wamasai? Mtafiti Dorothy Hodgson, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu Wamasai wa Tanzania, alieleza kwamba wamisionari waliwalenga zaidi wanaume, lakini waliolijaza kanisa ni wanawake. Sisi hatukushangaa kusikia hivyo. Angalia tu viti vya kanisa lako Jumapili ijayo, uhesabu.

TULIVYOKOSEA

Tulipoanza kikundi chetu cha kwanza Kitengela, tulikuwa kumi na wanne. Baada ya miezi mitatu tulibaki watano. Tulijiuliza shida ni nini, na kusema kweli shida ilikuwa sisi.

Kosa la kwanza, kiongozi alihubiri. Alisoma sura tatu, akaeleza saa nzima, na wengine wakaitikia amina. Mama aliyetoka kazini akiwa amesimama tangu asubuhi alisinzia, na hakuna wa kumlaumu.

Kosa la pili, tuliunganisha somo na chama cha kuchangiana pesa. Chama ni kizuri, tunacho hadi leo. Lakini hesabu ya pesa ilikula wakati wa Neno, na aliyekosa mchango wa wiki hiyo aliona aibu akakosa na somo. Sasa tumevitenganisha kabisa: somo Jumatano jioni, chama Jumapili ya mwisho wa mwezi.

Kosa la tatu, tuliruka ruka. Leo Zaburi, kesho Ufunuo, wiki ijayo aya iliyotumwa na mtu kwa simu. Hakuna aliyejua tulikotoka wala tunakokwenda.

NJIA TUNAYOIFUATA SASA

Hatuna siri kubwa. Tunawapa ninyi kama tulivyopewa na wengine.

1. Kikundi kiwe kidogo. Watu sita hadi kumi na wawili. Wakizidi, gawanyeni. Katika kundi kubwa wanaongea wale wale watatu.

2. Chagueni kitabu kimoja mkimalize. Ruthu ina sura nne tu. Wafilipi nne. Yakobo tano. Marko ina sura kumi na sita, inatosha miezi minne mkisoma sura moja kwa wiki. Mama anayefunga kitabu kizima kwa mara ya kwanza maishani huinuka moyo, tumeona machozi.

3. Someni mara mbili. Mara ya kwanza mmoja asome kwa sauti. Mara ya pili asome mwingine, ikiwezekana kutoka tafsiri nyingine. Wengi wetu tuna ile ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo Kiswahili chake ni cha pwani na kina maneno mazito. Mwenye Habari Njema, iliyotoka miaka ya 1990, atasoma hiyo. Palipo tofauti, hapo ndipo mazungumzo yanaanza.

4. Kaeni kimya. Dakika tatu. Mwanzoni zilitutisha, mtu akikohoa tunacheka. Sasa ndizo tunazozingojea wiki nzima.

5. Ulizeni maswali matano, kwa utaratibu huu: Nani wako hapa, na wanafanya nini? Ni nini kilichotushangaza? Tunajifunza nini juu ya Mungu? Kinafanana na nini katika maisha yetu? Wiki hii tutafanya nini? Swali la tano lisiachwe hata saa ikiwa imekwenda.

6. Kiongozi abadilike kila wiki. Kazi yake ni kuuliza na kulinda muda. Mtu akiongea sana, amwambie kwa upole, "Asante mama, sasa tumsikie ambaye hajasema."

7. Mambo ya nyumba za watu yanayosemwa hapo yabaki hapo. Likivuja moja tu, kikundi kimekwisha.

Wakatoliki watatambua kwamba mengine hapa yanafanana na hatua saba zilizotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia neno lililokugusa, kimya, kushirikishana, kupanga kazi, na kuomba. Ndiyo, tumejifunza kwao. Mti mzuri haukatwi kwa sababu umepandwa na jirani.

NA ASIYEJUA KUSOMA?

Tulipoanza kutembelea boma moja upande wa Kajiado, tulibeba Biblia nane tukifikiri tunapeleka msaada. Akina mama walizipokea kwa heshima, wakaziweka juu ya magoti, zikakaa zimefungwa. Koko mmoja, bibi mzee wa boma lile, akatuambia kupitia mkalimani, "Hicho kitabu hakisemi nami. Ninyi ndio mnasema."

Tulirudi nyumbani na aibu. Mara iliyofuata tulikwenda na msichana wa shule, mjukuu wa koko yule yule, na Biblia ya Kimaasai. Biblia nzima ya Kimaasai ipo tangu mwaka 1991, na watu wengi hawajui. Msichana alisoma kisa cha Ruthu polepole. Kisha tukamwomba koko atusimulie alichosikia. Wapendwa, alisimulia chote, toka njaa ya Bethlehemu mpaka mtoto kuwekwa kifuani mwa Naomi, na hakuacha kitu! Sisi tuliosoma miaka mingi tulilazimika kuchungulia kitabuni.

Tukajifunza kwamba asiyejua kusoma si mtupu. Amelelewa kusikiliza na kukumbuka. Kwa hiyo huko boma swali la kwanza ni, "Nani atatusimulia tena?" Akikosea, wenzake wanamrekebisha. Mwisho wanatunga wimbo wa kisa kile, mmoja akianzisha na wengine kuitikia, na ule wimbo unakwenda nao kisimani wiki nzima. Huo pia ni usomaji wa Biblia. Biblia za kusikiliza kwa simu nazo zinasaidia. Simu moja yenye chaji inatosha mama kumi.

Na kuna faida ya pili. Akina mama watatu wa boma lile waliomba wenyewe wafundishwe herufi, wasome bila kumngojea mtoto atoke shule. Hatukuwahubiria juu ya elimu ya watu wazima. Neno lenyewe ndilo liliwatamanisha.

HABAKUKI WAKATI WA UKAME

Mtakumbuka ukame ule. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Kajiado yote ilinuka mizoga. Kuna boma zilizobaki na ng'ombe wawili, na wale wawili wanainuliwa kwa mikono asubuhi.

Wakati huo tulifika kikundini bila kujua tusome nini. Mtu atamwambia nini mama aliyeona mali ya vizazi vitatu ikianguka mbele ya mlango? Mwenzetu mmoja akafungua Habakuki 3, aya ya 17 na 18. Nabii anahesabu hasara moja baada ya nyingine: miti haina matunda, shamba halina chakula, zizi halina mnyama. Halafu anasema hata hivyo atamfurahia Mungu.

Aya ile ya zizi tupu ilipotafsiriwa, pakawa kimya kirefu kupita zile dakika tatu. Kisha mama mmoja akauliza, "Huyu alikuwa Mmasai?" Tulicheka, wengine huku wakilia. Akaendelea, "Mimi nilidhani Mungu amenikasirikia. Kumbe kuna mtu wake aliyekuwa na zizi tupu, na bado alikuwa mtu wake."

Hatukumfundisha sisi hilo. Na ng'ombe hawakufufuka. Lakini mama yule aliacha kujiuliza amefanya dhambi gani, akaanza kuuliza watafanya nini. Walianza na kuku, na shanga, na kununua nyasi kwa pamoja. Mzigo wa hatia ulipotua, mikono ilipata nguvu.

MABINTI WA SELOFEHADI

Sasa kisa cha pili, na hiki ni kigumu zaidi. Tumepata ruhusa ya mwenyewe kukisimulia, lakini hatutaji jina wala mahali.

Mwaka mmoja tuliamua kusoma Hesabu, kitabu ambacho wengi hukiruka. Tukafika sura ya 27. Pana mabinti watano wa mtu aitwaye Selofehadi. Baba yao amekufa jangwani, hakuacha mtoto wa kiume. Kwa desturi, jina na urithi wake vingepotea. Mabinti wale wanasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani na wakuu wote, wanasema wapewe sehemu kati ya ndugu za baba yao. Musa hajibu kwa akili yake. Analipeleka neno kwa Bwana. Na Bwana anasema mabinti wamesema sawa, kisha inawekwa sheria kwa Israeli yote. Majina yao yote matano yameandikwa pale. Hatuyaandiki hapa kwa makusudi: fungua usome mwenyewe.

Jioni ile mwenzetu mmoja hakusema kitu. Alibaki nyuma tulipokuwa tukikusanya vikombe. Alikuwa mjane mwenye mabinti watatu. Hati ya shamba ilikuwa kwa jina la marehemu. Shemeji zake walikuwa wamemwambia kwamba kwa vile hakuzaa mvulana, ardhi ni ya ukoo, na mnunuzi amekwisha kupatikana. Miaka miwili alikuwa ameomba Mungu ampe moyo wa kuvumilia. Akatuuliza, "Hawa wasichana walimkosea Mungu kusimama pale?"

Tulisoma tena. Hapana. Hawakukosea.

Ndipo tukaanza kuuliza mambo ambayo hatukuwa tumeyajua. Tuliambiwa kwamba Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, iliiacha ardhi ya kilimo na mifugo ya wilaya kadhaa za wafugaji, Kajiado na Narok zikiwemo, ifuate mila pale mtu anapokufa bila wosia. Hiyo ndiyo ngome waliyoitegemea wengi. Lakini mwaka 2008 Mahakama Kuu, katika kesi ya familia moja ya Narok, ilikataa mila ya kuwanyima mabinti urithi. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Kwa walio na waume hai, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya mume na mke wote wawili. Mama, lijue hilo kabla hujaambiwa utie kidole kwenye karatasi.

Watatu kati yetu tulimsindikiza kwa chifu kupata barua ya kuanzisha kesi ya urithi, halafu ofisi ya ardhi kuweka zuio ili shamba lisihamishwe kwa siri. Kesi bado haijaisha. Mnunuzi amejiondoa. Shemeji mmoja haongei naye hadi leo, mwingine alikuja mwenyewe, akaketi, akanywa chai, akasema, "Nilifikiri Biblia iko upande wetu." Yeye alimsomea Hesabu 27 palepale mezani. Miaka miwili kabla, asingeweza hata kumtazama usoni.

UVUMILIE AU USEME?

Wengine watatuambia, "Ninyi mnawafundisha wanawake ukaidi." Tumelitafakari hilo kwa uzito, kwa sababu si kila hasira ni ya Mungu. Mbona wakati wa ukame tulimwambia mama angoje kwa imani, na wakati wa shamba tukamwambia mwenzake asimame?

Tunaona hivi. Ukame haukuletwa na shemeji. Palipo na msiba ambao hakuna mkono wa mtu wa kuuzuia, Maandiko yanatufundisha kushika imani katika zizi tupu. Palipo na haki inayonyimwa na mtu anayeweza kuitoa, Maandiko yaleyale yanatuonyesha watu waliosimama mlangoni wakasema, kwa adabu na mbele ya wote. Mama anayejua Habakuki peke yake atavumilia hata asiyopaswa kuvumilia. Anayejua Hesabu 27 peke yake atavunjika siku ambayo hakuna wa kumshtaki. Ndiyo maana lazima tusome yote, na tusome pamoja, ili mmoja akivutwa upande mmoja wengine wamrudishe katikati.

Na tusijidanganye kwamba kuchagua aya ni jambo dogo. Mwezi wa Aprili 2023 nchi yetu ilijua habari za msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Watu walikuwa wameambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, wakiwemo akina mama na watoto wao. Hawakuwa watu wasiompenda Mungu. Walimpenda, lakini walimwachia mtu mmoja awasomee. Beroya ingewaokoa.

KUSOMA PEKE YAKO

Kikundi ni siku moja. Siku sita zinazobaki ni zako. Tunashauri mambo machache.

Tafuta dakika kumi na tano, zisizohama. Mwenzetu mmoja husoma kabla ya kuwasha jiko. Mwingine wa zamu ya usiku husoma akifika nyumbani asubuhi, watoto wakishakwenda shule. Mwingine husoma ndani ya matatu kwenye msongamano wa Athi River, na anasema siku hizi foleni haimkasirishi sana.

Soma kidogo. Aya kumi zilizokugusa ni bora kuliko sura tano ulizozikimbiza. Uwe na daftari la bei ndogo. Andika tarehe, mahali uliposoma, neno moja lililokushika na ombi moja. Baada ya mwaka, rudi usome daftari. Utaona mahali ulipokuwa na mahali Bwana alipokufikisha, na hilo hakuna mtu atakayekunyang'anya.

Vijitabu vya tafakari ya kila siku ni msaada mkubwa, hasa siku ambayo kichwa kimechoka. Lakini kijitabu ni kama mwiko, chakula kiko chunguni. Soma kwanza lile fungu la Biblia, ndipo usome mawazo ya mwandishi. Ukifanya kinyume, utaona alichokiona yeye tu. Na tafakari zinazotumwa kwa simu, zipime vilevile: zimetoka fungu gani, na aya iliyotangulia inasemaje?

Ukikosa siku tatu, usijipige. Anza tena ya nne.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni aya gani tumeambiwa mara nyingi tangu utoto? Ni nani alituambia, na lini? Tuifungue leo tusome sura nzima.

2. Katika kikundi chetu, ni nani ambaye hajawahi kusema? Tutamsaidiaje?

3. Someni Habakuki 3:17-19 na Hesabu 27:1-11 katika jioni moja. Kila mmoja aseme: sasa hivi maishani mwangu, niko kwenye zizi tupu au niko mlangoni pa hema?

Kikundi kinachotaka kuanza, tuma ujumbe kupitia katibu wa akina mama wa kanisa lako. Tutakuja wawili, tutakaa nanyi wiki nne za kwanza, halafu tutawaachia. Msituandalie chakula kingi. Chai ya kikombe kimoja yatosha, na mahali pa kukaa kwa duara.

Bwana awabariki.

Sisi dada zenu wa masomo ya Biblia, Kitengela na Kajiado.